Uti au Ugwe? Istilahi za Tishu za Neva na Ugonjwa wa Konzo

Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwa nini anayefundisha afya kwa Kiswahili huko Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, hana budi kutenganisha maneno mawili. Uti wa mgongo ni mfupa. Ugwe mgongo ni kamba laini ya neva ipitayo ndani yake.

Chini ya hadubini, ubongo na ugwe huonyesha mada mbili. Mada ya kijivu ina viini na miili ya seli za neva. Mada nyeupe ina nyuzi ndefu za seli hizo, nyingi zikiwa zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mielini. Katika ubongo, kijivu hutanda juu. Katika ugwe, hukaa ndani, mfano wa kipepeo.

Konzo, aliyoieleza Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, hupoozesha miguu yote miwili ghafla, na ulemavu hubaki. Huhusishwa na muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, pamoja na uhaba wa protini. Zinazodhurika ni seli za neva zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi ugweni. Utafiti wa mwaka 2011 uliripoti konzo Kivu Kusini, katika eneo la vita. Masisi na Walikale nako muhogo huliwa, na vita vimewahamisha wengi.

Familia ikiambiwa "uti umeumia", itamtafuta mwunga mifupa. "Mshipa" nao huchanganywa na mshipa wa damu. Tunapendekeza basi isemwe "neva" na "ugwe", na papo hapo muhogo utajwe.