Mtendaji wa kijiji: kuingia sawa, kupanda ndiyo kasheshe

Juzi kijana mmoja hapa Bariadi kaniuliza aombe au asiombe kazi ya mtendaji wa kijiji. Nikamwambia aombe, ila ajue anaingia wapi. Ngoja nieleze na kwenu.

Matangazo yake huwa yanafanana: kidato cha nne au cha sita, pamoja na cheti cha utawala, sheria, maendeleo ya jamii na kadhalika, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au kingine kinachotambulika. Cheo ni Mtendaji wa Kijiji III, mshahara TGS B. Hapo kwenye III ndipo watu wanapojichanganya. Ukikaa miaka kadhaa, barua ikija, unakuwa II, halafu I. Mshahara unasogea, lakini kiti ni kilekile na kesi za ng'ombe kuingia shamba la mtu ni zilezile.

Kwenda kata ni habari nyingine. Kuchapa kazi peke yake hakutoshi. Wanataka elimu zaidi ya cheti, nafasi iwepo kwenye ikama, na bajeti iwe imetengwa. Sasa utasoma saa ngapi? Wewe ndiye katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji, mtunza nyaraka, msikiliza malalamiko, mfuatiliaji wa michango ya madarasa. Ukienda Dodoma kusoma, nani akaimu? Jamaa yangu mmoja mtendaji kaomba ruhusa mara tatu. Mara ya tatu hata jibu hakupata.

Foleni yenyewe nayo husimama. Mwaka 2016 serikali ilisitisha kupandisha madaraja kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na waliofikiwa na zamu wakabaki wanasubiri. Juni 2021 bajeti ikaja na posho ya shilingi 100,000 kwa mwezi, ila ya watendaji wa kata na maafisa tarafa. Kijiji hakimo, wakati michango inadaiwa kijijini!

Simiyu ilipokuwa mkoa 2012, na Itilima na Busega zikapata wilaya zao, wengi tulidhani milango imefunguka. Kweli ilifunguka, lakini meza nyingi za makao makuu ya halmashauri zinataka digrii. Mwenye cheti alibaki kijijini kwake.

Kwa hiyo ukiingia, jambo la kwanza ni ruhusa ya masomo kwa maandishi. Usisome kimyakimya ukidhani utawashtukiza na cheti. Unaweza kurudi nacho kisitambuliwe. Hakikisha pia kozi inaendana na muundo wa kada yako. Ukibadili kada, kwa kawaida unaanza upya cheo cha chini cha huko uendako, na miaka yako ya kijijini haihesabiki kwenye foleni mpya. Hilo limewaliza wengi.

Yule kijana kaomba. Ninavyoandika hapa yupo kompyuta ya pili, anapandisha vyeti vyake, na mtandao unamsumbua.

Nawasilisha.