Kutia Saini na Kukagua: Vipimo vya Ulinzi wa Njia za Intaneti

Makada wengi siku hizi hupelekewa taarifa zenye asilimia: mitandao kadha wa kadha imekwisha kupata hati za usalama. Asilimia hizo zinapima nini? Swali hili si la mafundi peke yao.

Mitandao ya dunia huelekezana kwa kutangaziana. Kila mmoja huwaarifu jirani zake anwani inazoweza kuzifikia, na jirani huamini. Tarehe 24 Februari 2008 Pakistan Telecom, ikitekeleza amri ya Serikali ya kuifunga YouTube nchini humo, ilitangaza fungu la anwani 256 za YouTube kana kwamba ni zake. PCCW ya Hong Kong ililipokea tangazo hilo na kulisambaza bila kulikagua. Kwa kuwa ruta hufuata fungu dogo kabla ya kubwa, watu katika sehemu kubwa ya dunia waliikosa YouTube kwa saa mbili hivi. Amri ya nchi moja ilikuwa imevuka mipaka yake.

Dawa iliyotungwa ni mfumo wa RPKI, ulioanza kutumika mwaka 2011. Mwenye anwani hutia saini hati inayotaja mtandao wenye haki ya kuzitangaza. Kwa Afrika kazi hiyo husimamiwa na AFRINIC, yenye makao Mauritius. Mwaka 2024 zaidi ya nusu ya njia za IPv4 duniani zilikuwa na hati. Lakini lazima ieleweke kwamba hati peke yake haimzuii mtu. Kinachozuia ni ruta ya jirani kuisoma hati na kulikataa tangazo la uongo. Kwa hiyo vipimo ni viwili.

Cha kwanza ni chepesi: hati ziko wazi, huhesabiwa tu. Kwa kipimo cha pili, watafiti wa APNIC, shirika linalogawa anwani Asia na Pasifiki, huweka kwa makusudi njia isiyolingana na hati yake, kisha huangalia ni watumiaji gani bado wanaifikia. Hao hawana mkaguzi njiani. Hata hapo pana udanganyifu: mtandao mdogo usiokagua chochote huonekana salama kwa sababu tu mkubwa anayeuuzia huduma anakagua. Huo ni usalama wa kuazima, si wa kujitegemea, nao huondoka siku muuzaji anapobadilishwa.

Usimbaji, yaani kuyafumba mazungumzo yakiwa njiani, una ugonjwa uleule. TLS 1.3 ilitolewa Agosti 2018; TLS 1.0 na 1.1 zikaachishwa rasmi Machi 2021. Seva yaweza kuhesabiwa kuwa imepokea toleo jipya huku ikiendelea kuwafungulia mlango wanaokuja na la zamani. Mpimaji akiuliza kama jipya lipo, atajibiwa ndiyo. Aulize pia kama la zamani linakataliwa.