Midieta na Modereta: Usivichanganye Kama Mimi

Mwaka wangu wa kwanza wa masters, msimamizi alinirudishia pendekezo la utafiti likiwa limejaa wino mwekundu. Kosa lenyewe moja tu: nimechanganya midieta na modereta. Majina yanafanana, kazi zake mbalimbali kabisa.

Tuchukue mfano tunaoujua sote: msongo wa masomo na sonona. Swali la kwanza: msongo unafikaje hadi kwenye sonona? Pengine mwenye msongo halali vizuri, na huko kukosa usingizi ndiko kunakomletea sonona. Hapo usingizi ni midieta, yaani daraja. Athari inapita juu yake.

Swali la pili: je, msongo unatuumiza wote sawasawa? Hata! Mwenye watu wa kumsikiliza huumia kidogo kuliko aliyejifungia chumbani peke yake. Cohen na Wills waliliandika suala hili la kinga mwaka 1985. Msaada wa watu hapo ni modereta. Wenyewe si daraja, ila unapandisha au kushusha nguvu ya athari, kama kile kitufe cha sauti cha redio.

Waliotufafanulia tofauti hii vizuri ni Baron na Kenny, katika makala yao ya mwaka 1986. Kwa kifupi, midieta hujibu "kupitia nini?", modereta hujibu "kwa nani, na wakati gani?"

Kwenye kompyuta pia njia ni mbili. Modereta: zidisha msongo kwa msaada, kisha tazama kama zao hilo lina athari kwenye sonona. Midieta: pima msongo hadi usingizi, halafu usingizi hadi sonona huku msongo ukiwa bado ndani ya hesabu.

Ila tahadhari jamani! Dodoso la siku moja halithibitishi daraja, maana sonona nayo hufukuza usingizi. Kipi kilitangulia? Ukiweza, pima kwa nyakati tofauti.

Mtasema haya ni ya darasani tu. Siyo. Kama tatizo linapita kwenye usingizi, tusaidiane kulala. Kama upweke ndio unaolizidisha, basi tugongeane milango. Ukikosea kigeu, utampa mwenzako dawa isiyo yake.

Basi wewe unayeanza tasnifu, chora mishale yako kwenye karatasi kwanza. Mimi ningechora, wino mwekundu ungepungua.