Habari ya Janga Isichelewe Njiani: Vituo vya Serikali vya Kufuatilia Majanga na Funzo la Magharibi mwa Tanzania

Kazi kuu ya kituo cha serikali cha kufuatilia majanga ni kufupisha muda unaopita kati ya tukio na uamuzi. Mto ukifurika, ugonjwa usiojulikana ukizuka, au wakimbizi wakianza kuvuka mpaka kwa maelfu, serikali haiwezi kutenda jambo la maana mpaka ipate habari, iihakiki, ipime uzito wake na kuifikisha kwa mwenye mamlaka ya kuamuru. Na kila saa inayopotea katika hatua mojawapo hulipiwa na mtu aliye karibu na tukio, ambaye mara nyingi hata hajui kwamba kituo cha namna hiyo kipo. Mkoa wa Tabora, magharibi mwa Tanzania, peke yake una eneo la zaidi ya kilomita za mraba 76,000 na, kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, wakazi zaidi ya milioni 3.3. Kufupisha muda huo katika nchi pana kiasi hicho ni kazi inayohitaji watu, sheria, mitambo na, zaidi ya yote, imani ya wananchi.

Habari katika njia ya misafara

Katika karne ya 19, njia ya misafara iliyoanzia Bagamoyo ilipita Mpwapwa na Ugogo hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, nguo, shanga na watumwa, lakini ilipitisha pia habari, nazo zilikwenda kwa mwendo wa miguu ya wapagazi na matarishi. Mmisionari na mvumbuzi David Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake hadi Unyanyembe, wakafika Oktoba na kumkuta Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia mtu ambaye kumbe alikwisha kufa miezi mitano nyuma. Mwili huo ulifika Bagamoyo Februari 1874. Vivyo hivyo, vita vya Mtemi Mirambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe vilipofunga njia ya Ujiji mwaka 1871, matajiri wa Unguja waliokuwa wamekopesha mali kwa misafara ya bara walilazimika kungojea habari zilizokuwa zimechakaa kabla ya kuwafikia.

Magonjwa nayo yalifuata njia za wasafiri. Kipindupindu kilipoingia Unguja mwishoni mwa mwaka 1869, daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi kisiwani humo, alikusanya maelezo ya wafanyabiashara na wasafiri waliotoka bara, akayalinganisha na kufuatisha mapito ya ugonjwa huo, kazi aliyoichapisha katika kitabu mwaka 1876. Kuuliza watu wengi, kulinganisha majibu yao na kuyaweka kwenye ramani ndio msingi wa kazi ya kituo cha leo pia. Tofauti ni kwamba Christie aliandika baada ya maelfu kufa, ilhali kituo kinatakiwa kujua wakati bado kuna mtu wa kuokoa. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa habari kati ya ziwa na pwani ulibadilika kabisa. Hata hivyo, vijiji vilivyo mbali na stesheni viliendelea kutegemea miguu na baiskeli kwa miaka mingi.

Sheria na ngazi zake

Tanzania ilitunga sheria ya uratibu wa misaada ya maafa mwaka 1990, ikafuatiwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2015 na baadaye Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022, inayotumika sasa. Wataalamu wa fani hii hutenganisha janga, yaani tukio au hali inayoweza kudhuru, kama vile mafuriko, ukame au mlipuko wa ugonjwa, na maafa, yaani madhara yanayozidi uwezo wa jamii kujimudu kwa nyenzo zake yenyewe. Kwa hiyo mvua kubwa iliyonyesha porini ni janga lisiloleta maafa, lakini mvua hiyohiyo ikianguka juu ya kijiji kilichojengwa mkondoni hugeuka maafa kwa usiku mmoja.

Sheria inaweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji au mtaa, na mratibu mkuu ni Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia Idara ya Menejimenti ya Maafa. Chini ya idara hiyo kipo Kituo cha Operesheni na Mawasiliano ya Dharura, jijini Dodoma, ambako habari za aina zote hukusanywa mahali pamoja. Wizara ya Afya nayo ina kituo chake cha kuratibu dharura za afya ya jamii, kwa kuwa magonjwa yanahitaji maabara na madaktari.

Kazi inavyofanyika ndani ya kituo

Kituo cha aina hii hufanya kazi kwa zamu, usiku na mchana, na kazi yake hupitia hatua nne zinazofuatana. Hatua ya kwanza ni kupokea habari. Baadhi hutoka kwenye vyombo vya kupima: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari kwa viwango vitatu, ambavyo ni angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa; ofisi za mabonde ya maji hupima kina cha mito; setilaiti huonyesha mawingu, moto wa nyika na maeneo yaliyofunikwa na maji. Nyingine hutoka kwa watu: mganga wa zahanati anayetuma kwa simu idadi ya wagonjwa wenye dalili fulani, mtendaji wa kijiji anayempigia mkuu wake wa wilaya, au mwananchi anayepiga namba 199 ya Wizara ya Afya au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya pili ni kuhakiki, na hapa ndipo ustadi wa ofisa wa zamu unapopimwa. Kwa mfano, katika msimu wa mvua unaoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, ujumbe ukifika kwamba maji ya bonde la Wembere yameingia katika makazi wilayani Igunga, ofisa huandika katika daftari la matukio saa aliyoupokea na jina la aliyeuleta, kisha huuliza maswali yasiyobadilika: nini kimetokea, wapi hasa, lini, watu wangapi wameathirika, nani ameona kwa macho yake, na nani mwingine asiyehusiana na mtoa habari wa kwanza anaweza kuthibitisha. Anapokwisha kupata majibu huyalinganisha na kiasi cha mvua kilichopimwa na picha ya setilaiti, kwa sababu picha inayosambaa katika simu huweza kuwa ya mwaka mwingine au ya nchi nyingine, na kupeleka mashua na mahema mahali pasipo na mafuriko ni kuwanyima walio majini.

Hatua ya tatu ni uchambuzi, yaani kutoka katika kujua kilichotokea hadi kukadiria kitakachofuata. Mchambuzi huweka juu ya ramani moja mahali maji yalipo, barabara na madaraja, zahanati, shule na maghala ya chakula, na kuuliza ni kijiji gani kitakatika kwanza mvua ikiendelea. Matokeo yake huandikwa katika taarifa ya hali, waraka mfupi unaosema kinachojulikana, kinachokadiriwa na kinachopendekezwa, kila kimoja mahali pake. Hatua ya nne ni kuwafikia waamuzi na kuratibu utekelezaji: kituo hutoka katika hali ya ufuatiliaji wa kawaida, kikaingia hali ya tahadhari, na tukio likizidi huingia hali ya mwitikio, ambapo mtu mmoja hupewa usimamizi wa tukio zima ili polisi, zimamoto, afya na Msalaba Mwekundu wasipishane barabarani bila habari ya wenzao.

Ufuatiliaji haungojei mkasa. Tambarare za Wembere, bonde la Malagarasi, Iku huko Katavi na nyika za Rukwa ni mazalia yanayojulikana ya nzige wekundu, na Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu, lenye makao yake Ndola nchini Zambia, hukagua maeneo hayo kwa sababu makundi ni rahisi kuyadhibiti yakiwa bado mazaliani, kabla hayajapata mbawa na kutawanyika mashambani.

Somo la Kagunga

Tukio la mwaka 2015 mkoani Kigoma linaonyesha mpaka wa uwezo wa kituo chochote. Machafuko ya kisiasa yalipoanza Burundi mwezi Aprili, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika karibu na mpaka, ambako usafiri wa kutegemewa ulikuwa wa majini. Maji safi na vyoo havikutosha hata kidogo, kipindupindu kikazuka mwezi Mei, na watu wapatao 30 wakafa. Habari ilikuwa imefika na serikali na Umoja wa Mataifa walijua hali ilivyo. Kikwazo kikawa njia ya kuwatoa. Meli ya Mv Liemba ilichukua mamia kwa kila safari hadi mjini Kigoma, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Taarifa ya hali yenye thamani, basi, ni ile inayotaja idadi ya watu pamoja na idadi ya vyombo vya kuwabeba, maana kujua bila nyenzo hakumwokoi mtu.

Siri na uwazi

Neno ufuatiliaji huweza kuleta picha ya upelelezi wa siri, na ni kweli kwamba serikali ina vyombo vya namna hiyo: Idara ya Usalama wa Taifa iliwekewa sheria yake mwaka 1996, na sheria ya Baraza la Usalama wa Taifa ya mwaka 2010 inatambua kamati za usalama za mikoa na wilaya. Wakuu wa mikoa na wilaya huongoza kamati hizo pamoja na zile za maafa, na kwa hiyo ni rahisi kazi mbili tofauti kuchanganywa. Taarifa ya usalama hulindwa isienee, lakini taarifa ya janga hupoteza thamani yake isipoenea. Mwanakijiji akidhani kwamba kutoa habari ya kifo cha ghafla kutamletea mahojiano, atanyamaza, na ukimya wake utaigharimu wilaya nzima.

Mlipuko wa ugonjwa wa Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, ulidhihirisha ugumu huo. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kuna watu wanaoshukiwa kuugua. Wizara ya Afya ikaeleza kuwa sampuli zilizopimwa hazikuonyesha virusi. Na tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na mkurugenzi mkuu wa shirika hilo jijini Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitika. Mlipuko ulitangazwa kumalizika tarehe 13 Machi, wakiwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili waliothibitishwa na wanane waliodhaniwa kuwa nao, na wote walifariki. Siku chache za kauli zisizolingana hutosha kuzaa uvumi, na dawa yake ni kuwaambia watu mapema kinachojulikana na kinachoendelea kuchunguzwa, huku majina ya wagonjwa yakilindwa kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyotaka.

Kipimo cha kituo

Wataalamu wa dharura za afya duniani hutumia kipimo cha siku saba za kugundua mlipuko, siku moja ya kutoa taarifa na siku saba za kukamilisha hatua za mwanzo. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinapaswa kuongezewa cha nne: muda unaochukua mpaka mtoa habari wa kwanza apate mrejesho. Muuguzi wa zahanati wilayani Sikonge aliyeripoti homa isiyo ya kawaida, au mwenyekiti wa kijiji wilayani Kaliua aliyeona daraja limeanza kumegwa, akijibiwa ataripoti tena; asipojibiwa, safari ijayo ataona hakuna faida. Wananchi wa Tabora, Kigoma na Katavi wana haki ya kuuliza katika mikutano ya vijiji vyao kama kamati ya maafa iliyotajwa na sheria ipo, wajumbe wake ni nani, wanaripoti kwa simu gani, na tahadhari ikitoka Dodoma itamfikia kwa njia ipi mtu asiye na simu. Halmashauri inayoweza kujibu maswali hayo bila kusita imejenga sehemu muhimu kuliko zote ya kituo, hata kama jengo lenyewe liko mamia ya kilomita mbali.