Fedha za Kikundi cha Wanafunzi: Zitoke Wapi?

Tangu chuo kikuu kilipofunguliwa hapa mjini mwaka 1956, Lubumbashi haikukosa vikundi vya wanafunzi. Kila masomo yanapoanza vikundi hivyo huzaliwa upya: kwaya, chama cha maigizo, kikundi cha sala, chama cha kutembelea wagonjwa. Vyote huanza kwa moyo mkuu, na baada ya majuma machache vyote huuliza swali lile lile: fedha zitoke wapi? Kwaya yataka ngoma na sare. Kikundi cha sala chataka nauli ya kwenda mafungo. Tena kuna haja moja isiyongoja, nayo ni ya mwenzao asiyeweza kumaliza malipo ya masomo. Siku ya mtihani huyo husimama nje ya mlango, na wengine ndani wanaandika. Kwa ajili yake hasa twaandika makala haya.

Njia ipendwayo na wengi ni bahasha. Wanafunzi huandika barua nzuri, huifunga pamoja na bahasha tupu, kisha huigawa baada ya Misa na nyumba kwa nyumba katika komini za Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi. Hatusemi kwamba kuomba ni dhambi, maana Kanisa nalo huomba. Lakini tufikiri kidogo: bahasha ile humfikia nani? Humfikia mama auzaye makala na unga sokoni. Humfikia baba aliyekuwa mfanyakazi wa Gécamines. Wazee wakumbuka siku ambazo mshahara wa kampuni ulikuja pamoja na posho ya unga, shule ya watoto na hospitali. Siku hizo zimepita. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni hiyo waliacha kazi katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Basi mzazi aliyejinyima ili amlipie mtoto wake masomo aombwa tena na wenzake wa mtoto huyo. Atatoa mara moja, labda mara mbili. Mara ya tatu atafunga mlango, wala hatutamlaumu.

Mtakatifu Paulo alijua mambo haya. Kazi yake ya mikono ilikuwa kushona mahema, na huko Korintho aliifanya pamoja na Akila na Prisila ili asiwe mzigo kwa mtu. Tena ndiye aliyekusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Aliwaagiza Wakorintho watenge kitu kila siku ya kwanza ya juma, na akataka watu waliochaguliwa na makanisa wafuatane na fedha hizo, mtu asije akamlaumu. Kazi, akiba ya kila juma, na mashahidi wa fedha: kwa mambo hayo matatu kikundi cha wanafunzi chaweza kusimama. Tuyatazame moja moja.

Kazi ya kichwa

Mwanafunzi wa chuo ana mali moja ambayo familia nyingi zaitafuta, ndiyo elimu yake. Kila mwaka vijana wa darasa la mwisho la sekondari hujiandaa kwa mtihani wa Serikali, na wengi hulemewa na hesabu, kemia na Kifaransa. Wanafunzi 10 waweza kumwomba paroko chumba kimoja cha katekisimu siku ya Jumamosi mchana, wakafundisha kwa saa 2. Malipo yawe madogo, tena yatolewe kila juma, kwa kuwa wazazi wengi hupata fedha zao siku kwa siku na hawawezi kulipa mwezi mzima kwa mara moja. Katika kila watoto watano, mmoja asiyeweza apokelewe bure. Hapa mzazi hatoi sadaka tu. Aona mtoto wake akiendelea, naye hulipa kwa moyo mweupe.

Kazi nyingine ni kupiga mashini. Mwisho wa mwaka wanafunzi huhangaika kuandikisha na kuchapisha vitabu vyao vya kumaliza masomo. Kikundi chenye kompyuta moja na mashini moja ya kuchapia chaweza kufanya kazi hiyo kwa bei ya haki, na kusahihisha makosa ya lugha pia. Lakini mpaka wake uwe wazi: twapiga mashini kile alichoandika mwenyewe, hatumwandikii. Auzaye kitabu cha masomo kilichotungwa kwa niaba ya mwingine amdanganya mwalimu, ampotosha mnunuzi, naye akichafua jina la kikundi chote.

Kazi ya mikono

Sabuni yatakiwa katika kila nyumba, tena haiozi. Kwa kilo 1 ya mafuta ya mawese, pimeni kwa mizani gramu 134 za soda kali na gramu 330 za maji. Tieni soda katika maji, kidogo kidogo. Msimimine kamwe maji juu ya soda, kwa maana huchemka na kuruka usoni. Msitumie sufuria ya aluminiamu, kwa sababu soda huila. Ndoo ya plastiki ngumu yafaa. Vaeni mifuko ya mikono ya mpira na miwani, mkae mahali penye hewa, na watoto wawe mbali. Maji yale yakiisha kupoa, yamimineni katika mafuta yaliyoyeyushwa, mkoroge mpaka yawe mazito kama uji, kisha mtie katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya plastiki. Kesho yake au keshokutwa kateni vipande, mkavianike kivulini kwa majuma 4 kabla ya kuviuza. Anzeni kwa kilo moja, wala msinunue pipa la mafuta kabla mikono haijazoea.

Wenye jembe wana kazi yao pia. Wakati wa kiangazi, mvua inapokatika, mboga hupanda bei. Lengalenga huweza kuvunwa baada ya mwezi mmoja hivi. Lakini chagueni udongo kwa uangalifu. Tanuru la shaba la mji huu, lililoanza kazi mwaka 1911, lilimwaga moshi wake miaka mingi, na katika upande ulikopeperushwa na upepo wataalamu wamekuta shaba, zinki, risasi na kadmiamu katika udongo. Mboga iliyooteshwa huko si chakula cha kuuzia watu. Tena, kabla ya kupanda, andikeni majina ya watakaomwagilia majuma ya mitihani. Bustani nyingi za wanafunzi hukauka wakati huo.

Nyimbo na maigizo

Katanga ina mifano mizuri. Katika miaka ya 1950, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransiskani, alikusanya watoto wa shule na walimu wao katika kwaya iliyoitwa Troubadours du Roi Baudouin. Mwaka 1958 kwaya hiyo iliimba Missa Luba, na mwaka huo huo ikasafiri Ulaya na kuimba katika maonyesho makuu ya Brussels. Watu wa Ulaya walikuwa na kwaya zao nyingi. Walikuja kusikia sauti na ngoma ambazo kwao hazikuwako. Na hapa Lubumbashi kundi la Mufwankolo lilipendwa redioni na katika televisheni kwa kuwa liliigiza maisha ya watu kwa Kiswahili cha mji huu huu. Basi msijitaabishe kuiga kile ambacho watu waweza kukiona bora zaidi katika simu zao. Waonyesheni walicho nacho wenyewe.

Hata hivyo wimbo mtamu haulipi deni. Fanyeni hesabu kwanza. Tuseme ukumbi, mashini ya umeme, mafuta yake na matangazo vyagharimu franka 600,000, na tiketi ni franka 5,000. Tiketi 120 za kwanza hulipa gharama tu. Ukumbi ukiwa na viti 200, faida yote haiwezi kupita franka 400,000, hata kama hakuna kiti kitupu. Je, mwaweza kweli kuuza 120 kabla ya siku yenyewe? Ikiwa sivyo, imbeni katika ukumbi wa parokia bila kukodi kitu, mpate kidogo kilicho hakika. Kila tiketi iwe na namba, na kila muuzaji aandikishe namba alizochukua, ili arudishe tiketi au fedha.

Wako wasemao, tuandae dansi na kuuza bia. Fedha zitaingia usiku mmoja. Zitaingia, ndiyo. Lakini mzazi aliyemruhusu binti yake aje kwa sababu alisikia ni kikundi cha parokia, kesho yake mtamwambia nini? Wengine husema, yuko mheshimiwa fulani atakayetupa fedha, naye ataka tu tuvae fulana zenye picha yake wakati wa uchaguzi. Kikundi kilichovaa fulana hiyo kimekwisha kupata bwana, na siku bwana atakapoanguka kitaanguka naye.

Akiba ya kila juma

Mama zetu wajua likelemba: kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na kwa zamu mmoja hupokea chote. Kikundi chaweza kufuata desturi hiyo kwa namna nyingine. Wanachama 20, kila mmoja akitoa franka 1,000 kwa juma, baada ya majuma 10 wamepata franka 200,000. Hizo zatosha kuanza kazi ndogo bila kukopa. Huo ndio mtaji, nao usiliwe. Faida ndiyo igawanywe, kwa mfano mafungu matatu: moja lirudi kazini, moja lisaidie haja za kikundi, moja liwekwe kwa ajili ya mwenzetu aliyekwama.

Fungu hili la tatu lataka busara. Fedha zisitiwe mkononi mwa mtu, bali zilipwe kwa jina lake mahali palipowekwa na shule, na risiti ibaki katika daftari. Tena jina lake lisitangazwe. Mwanafunzi mmoja huweza kuacha masomo kuliko kusomewa umaskini wake mbele ya wasichana na wavulana wenzake. Watu watatu walijue jina. Wote wajue kiasi.

Mashahidi wa fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari, wasema wahenga. Daftari liwe na sehemu tano: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, sababu, na baki. Na kwa kuwa hapa kwetu twatumia franka na dola pamoja, kila fedha iwe na ukurasa wake, maana bei ya dola hubadilika na hesabu huchafuka. Sanduku liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili, na daftari kwa wa tatu. Hata mmoja akijaribiwa, hawezi peke yake.

Siku hizi vikundi vingi huweka fedha katika simu, kwa M-Pesa au Airtel Money. Njia hiyo ni salama kuliko sanduku chini ya kitanda, lakini ina hatari yake: namba huandikwa kwa jina la mtu mmoja, naye aweza kuhama, kuibiwa simu, au kufa. Kwa hiyo fedha za kikundi ziwe na namba yake mbali na namba ya mtu, na ujumbe unaoonyesha baki usomwe kwa sauti katika kila mkutano. Mwishoni mwa kila mwezi hesabu ibandikwe mahali ambapo wanachama wote hupita. Mweka hazina abadilishwe kila mwaka, na siku ya kukabidhi fedha zihesabiwe mbele ya wote, nao watie sahihi.

Wengine watasema kwamba hayo ni kutoaminiana. La, ni kumlinda mweka hazina. Kijana mwaminifu ambaye hakuandika kitu hana la kujitetea siku atakaposingiziwa, na aibu hiyo humfuata mpaka nyumbani kwa wazazi wake.

Ninyi wazazi pia mna sehemu yenu. Vijana wakija tena na bahasha, msiwafukuze. Waulizeni mambo mawili: kikundi chenu chafanya kazi gani, na daftari lenu li wapi? Wakiwa na majibu, toeni mnachoweza kwa furaha, au bora zaidi, nunueni sabuni yao na kuwapelekea mtoto wa kufundishwa. Na ninyi vijana, msianze yote kwa pamoja. Chagueni kazi moja, nunueni daftari moja, na Jumapili hii kabla ya kuachana andikeni ndani yake franka za kwanza.