Istilahi za Kuuzia Boti ya Matanga Yenye Mtambo wa Mahuluti

1. Utangulizi

Mtu anayeuza chombo cha baharini kilichokwisha kutumika huuza vitu viwili kwa pamoja: chombo chenyewe na maelezo yake. Mnunuzi hawezi kuifungua kila betri wala kuyaona yote yaliyo chini ya maji, hivyo hutegemea karatasi aliyopewa. Karatasi hiyo ikifasiriwa vibaya, fedha hulipwa kwa kitu kisichokuwapo, na pengine roho za watu huwekwa hatarini mbali na pwani.

Makala haya yanahusu chombo cha aina moja tu, yaani boti ya safari ndefu ambayo, zaidi ya matanga, ina mtambo unaochanganya dizeli na umeme. Umeme katika vyombo vya majini si jambo la jana. Moritz von Jacobi aliendesha mashua kwa mota ya umeme katika mto Neva, nchini Urusi, mwaka 1838. Hata hivyo, boti za mahuluti huundwa na kuuzwa zaidi Ulaya na Marekani, na hati zake huandikwa kwa lugha za huko. Mwenye boti anayezunguka dunia aweza kuamua kuiuza akiwa Tanga au Kilifi, na hapo mfasiri, ofisa wa forodha na msajili wa vyombo huhitaji maneno.

Madhumuni yetu ni kuonyesha mambo mawili. Kwanza, sehemu kubwa ya maneno hayo tunayo tayari. Pili, penye upungufu, hatari kubwa si kukosa neno, bali ni kutumia neno moja kwa vitu viwili.

2. Jina la chombo na hali yake

Wako wanaokiita chombo hiki "jahazi". Jina hilo halifai. Jahazi ni chombo cha mizigo chenye foromali na tanga la pembe tatu, na kila mtu wa pwani alijua hivyo. Wengine husema "boti ya anasa". Hiyo ni hukumu juu ya mwenye chombo, wala si jina la chombo. Tena yaweza kumfanya ofisa wa forodha aamue kodi kabla hajaiona boti. Twapendekeza "boti ya matanga ya masafa marefu", na baada ya kutajwa mara ya kwanza, "boti" yatosha.

Kuhusu hali yake, "kuukuu" humaanisha kilichochakaa, na "mtumba" umezoeleka kwa nguo na vitu vya sokoni. Boti ya miaka mitano iliyotunzwa vizuri si kuukuu. Neno lisilopendelea upande wowote ni "iliyotumika".

3. Maneno ya mabaharia wetu

Katika sehemu za chombo, mfasiri asikimbilie kukopa. "Mkuku" ni uti wa chini wa chombo, na "farumi" ni uzito unaokizuia kisipinduke. Boti nyingi za leo zina mkuku wenye farumi ya risasi au ya chuma. Mbele ni "omo", nyuma ni "tezi". "Shikio" ndilo ligeuzalo chombo, na "kana" ni mkono wake. "Henza" hupandisha tanga, na "demani" hulivuta na kulilegeza. Ni kweli kwamba demani ni jina la majira pia, lakini hakuna atakayedhani kwamba muuzaji ameorodhesha majira miongoni mwa kamba zake.

Liko pengo moja linalohitaji uangalifu. Boti hizi zina mti unaoshikilia ukingo wa chini wa tanga kubwa. Jahazi halina mti huo, na foromali haiwezi kuchukua nafasi yake kwa sababu yenyewe hukaa juu. Jina la Kizungu la mti huo likitamkwa Kiswahili huwa "bumu", nalo kwetu ni jina la jahazi kubwa la kutoka Ghuba. Anayeandika kwamba "bumu limevunjika" atakuwa amezamisha chombo kizima! Twapendekeza "mti wa chini wa tanga".

4. Injini, mota na mahuluti

Katika mazungumzo ya kila siku vyote viwili huitwa "mashine". Katika hati ya kuuzia, "injini" iwe ile ichomayo mafuta, na "mota" iwe ile igeuzayo umeme kuwa mzunguko. Kinachosukuma maji ni "rafadha", neno lililomo katika kamusi zetu; "propela" pia laeleweka.

Kwa mchanganyiko wa vyote viwili, tunayo "chotara" na "mahuluti". Chotara limezoeleka kwa vilivyozaliwa au kuota: watu, mifugo, mbegu. Mahuluti asili yake ni Kiarabu, kwa maana ya kilichochanganywa, na hukubali vilivyoundwa kwa mikono. Kwa hiyo "mtambo wa mahuluti".

Neno hilo peke yake halimtoshi mnunuzi, kwani mitambo hii ni ya namna mbili. Katika "mahuluti ya mfuatano", injini huendesha jenereta tu. Jenereta hutoa umeme, na mota ndiyo pekee igeuzayo rafadha. Katika "mahuluti ya sambamba", injini na mota zote mbili zaweza kuigeuza rafadha, kila moja kwa nafasi yake. Tofauti hiyo huonekana siku ya shida. Mota ikiharibika katika mfuatano, injini nzima na tangi lililojaa haviwezi kukusogeza hata hatua moja. Katika sambamba, injini yaweza kukufikisha bandarini. Mfasiri anayeacha neno "mfuatano" au "sambamba" amemficha mnunuzi jambo ambalo muuzaji mwenyewe alilitaja.

5. Nguvu na nishati

Hapa ndipo makosa yanapozidi. Kilowati ni kipimo cha nguvu. Kilowati-saa ni kipimo cha nishati. Mwalimu aweza kuwafahamisha wanafunzi kwa mfano wa mtungi: nishati ni maji yaliyomo, na nguvu ni kasi ya kuyamimina.

Tuchukue boti yenye mota ya kilowati 10 na betri za kilowati-saa 20. Nahodha mwenye busara hubakiza sehemu moja ya tano kwa dharura, kwa hiyo ana kilowati-saa 16 za kutumia. Akiendesha mota kwa nguvu zake zote, betri zitampeleka kwa saa 1 na dakika 36 tu. Lakini nguvu inayohitajika hufuata takriban kipeo cha tatu cha mwendo. Akipunguza mwendo kwa nusu, atahitaji kama kilowati 1.25, na betri zile zile zitamchukua karibu saa 13. Mfasiri aliyeandika "betri za kilowati 20" amemnyima nahodha hesabu hii. Naye aliyekwama bila upepo karibu na mwamba hana nafasi ya kutafuta kamusi.

Hesabu hiyo hiyo yaeleza kwa nini dizeli haijaachwa. Lita moja ya dizeli katika jenereta ndogo hutoa takriban kilowati-saa 3. Tangi la lita 200, basi, lina umeme wa mara 30 ya betri zile.

Boti ikienda kwa tanga, maji huweza kuigeuza rafadha, na mota ikawa jenereta. Twapendekeza "umeme wa mwendo". Muuzaji akiutaja, aeleze pia kwa mwendo gani ulipimwa, kwani upepo ukiwa mdogo hupatikana kidogo sana, na rafadha inayozalisha umeme huipunguzia boti kasi.

6. Betri: chaji na uzima

Muuzaji aweza kusema bila uongo kwamba betri zake ziko "asilimia 100", na mnunuzi akadanganyika. Yako mambo mawili. "Chaji" ni kiasi kilichomo sasa, kikilinganishwa na kiasi ambacho betri yaweza kubeba leo. "Uzima wa betri" ni kiasi iwezacho kubeba leo, kikilinganishwa na ilipokuwa mpya. Betri iliyochoka hujaa chaji kama changa. Mtungi uliopunguka nao hujaa hadi mdomoni. Kila kujazwa na kutumiwa mara moja kamili kwafaa kuitwa "duru". Injini hupimwa umri kwa saa za kazi. Betri hupimwa kwa miaka na duru zake.

7. Hati ya mauziano

Upande wa sheria lugha yetu ni tajiri. "Arubuni" ni sehemu ya bei itangulizwayo kufunga makubaliano. Isichanganywe na "amana", ambayo ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze. Anayekagua chombo kwa niaba ya mnunuzi hufanya "ukaguzi". "Upimaji" tuuachie ardhi. Kasoro isiyoonekana ni "ila iliyofichika". Deni linaloshikilia chombo ni "rehani".

Yafaa kuujua pia utaratibu wa nchi ya hati. Katika Sehemu ya Kwanza ya daftari la meli la Uingereza, umiliki wa chombo hugawanywa hisa 64. Hizo si hisa za kampuni, na anayeuza 32 ameuza nusu ya boti. Daftari la vyombo vidogo la huko si ushahidi wa umiliki, wala haliandikishi rehani; kwa hiyo "hati ya usajili" isifasiriwe kuwa "hatimiliki".

Vilevile, Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1994 lilizipa daraja za boti herufi pamoja na majina ya sehemu za bahari. Agizo namba 2013/53 liliyaondoa majina, likabakiza herufi A hadi D. Mfasiri naye aandike "daraja A", asibuni jina lililokwisha kufutwa.

8. Mfano

"Yauzwa: boti ya matanga ya masafa marefu, iliyotumika, urefu meta 12, bodi ya faiba, mkuku wenye farumi ya risasi, daraja A. Mtambo wa mahuluti ya sambamba: injini ya dizeli, kilowati 30, saa za kazi 2,100, mota ya umeme, kilowati 10. Betri za lithiamu, nishati ya awali kilowati-saa 20, uzima asilimia 85 kwa kipimo cha mkaguzi. Haina rehani. Arubuni itarudishwa iwapo ukaguzi au majaribio ya majini yataonyesha ila iliyofichika."

Msomaji wa maneno haya aweza kujua kwamba betri hubeba leo kilowati-saa 17, na kwamba mota ikifa injini itamrudisha nyumbani. Hayo ndiyo anayoyanunua.

9. Hitimisho

Istilahi zilizotolewa hapa ni mapendekezo, na bado hazijasanifiwa. Wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, hasa wale wa bandarini, wanaombwa wazijaribu katika kazi zao na kutuletea maoni. Mabaharia na mafundi wa vyombo wa Tanga, Bagamoyo, Unguja, Lamu na kwingineko waulizwe kwanza kuhusu mti wa chini wa tanga. Huenda wana jina lake ambalo bado halijaingia katika kamusi.