Keja mpya haitaki mbwa? Usimtupe, mtafutie makao

UMERUDI kutoka kazini ukiwa umechoka, matatu imekwama kwenye foleni saa nzima. Unafungua simu na kukuta ujumbe wa keateka kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti: "Wapangaji wote, kuanzia mwezi ujao mbwa hawakubaliwi. Asante." Hakuna maelezo mengine. Na kabla hata hujaingiza ufunguo, unasikia mkia ukigonga mlango kutoka ndani.

Kama hujawahi kufika hapo, labda unamjua mse aliyefika. Au mambo yamekuja kwa njia nyingine. Kodi ya Ruaka imekushinda na umepata bedsita Pipeline, orofa ya tano. Umepata kazi Kisumu na utaanza kwa kulala kwa binamu yako. Umejifungua na nyumba imekuwa ndogo ghafla. Vyovyote iwavyo, hesabu ni moja: wewe unahama, na mbwa hana nafasi uendako.

Sijaandika haya kukulaumu. Nairobi ni jiji la wapangaji. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 4.3 humu, na wengi wetu tunaishi chini ya paa la mtu mwingine, kwa masharti yake. Ninachokuomba ni kimoja tu: ukilazimika kuachana na mbwa wako, mkabidhi kwa mtu unayemjua. Usimwache apotee, na usimpe yeyote yule ili mradi yaishe.

Najua ninachosema, kwa sababu mimi nilifanya hilo la pili.

Nilivyomtoa Bosco

Nilikuwa naishi Kahawa West, kwenye ploti yenye geti na kiuwanja cha kuanikia nguo. Bosco alikuwa mbwa wa kienyeji, rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama na lingine limelala. Kwa miaka mitatu hakuna jirani aliyelalamika. Kisha ploti ikauzwa, na mwenye ploti mpya akasema mbwa atoke au tutoke wote wawili. Akanipa wiki mbili.

Niliweka picha yake Facebook nikaandika: "Mbwa wa bure, mpole, anatafuta nyumba." Ndani ya saa moja watu 11 walikuwa wameniandikia. Nikaona ni baraka. Nikampa wa kwanza aliyesema anaweza kuja jioni hiyohiyo. Sikumuuliza anaishi wapi wala anamtakia nini. Kusema ukweli, nilitaka yaishe upesi, kwa sababu kila nilipomtazama Bosco machozi yalinilengalenga.

Siku ya tisa nilipiga simu, haikushikwa. Siku ya 12 ikashikwa, nikaelekezwa kwa sauti ya mtu aliyeboeka. Nilimkuta Bosco kwenye mjengo karibu na barabara ya Northern Bypass, amefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo mfupi, hakuna kivuli, sufuria ya maji imekauka. Shingoni alikuwa na kidonda. Aliponiona hakubweka. Alijilaza chini akajikojolea.

Yule jamaa hakuwa katili. Alitaka kengele ya mlango, akadhani mbwa ni kengele. Ni mimi niliyepaswa kuuliza, na sikuuliza. Nilimpa Sh1,000 nikaondoka na mbwa wangu. Rafiki yangu wa Juja akakubali kukaa naye wiki tatu, na katika wiki hizo nikajifunza kufanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Ndicho ninachokuletea hapa.

Kwanza, ongea na mwenye nyumba

Usianze kupakia vitu. Soma mkataba wako wa kupanga. Kama hausemi lolote kuhusu wanyama, una nafasi ya kujadiliana. Kama unakataza na ulitia saini, una kibarua, lakini kuuliza si kosa.

Jua pia sheria inakusaidia hadi wapi. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inahusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Wewe na mimi tunajua ni keja gani unaipata kwa pesa hizo siku hizi. Kwa wengi wetu, basi, kinachobaki ni mkataba na mdomo mzuri.

Uliza tatizo hasa ni nini. Mara nyingi si mbwa mwenyewe, ni kubweka mchana kutwa ukiwa kazini, ni kinyesi kwenye ngazi, au ni mtoto wa jirani anayeogopa. Hayo yana dawa. Mtembeze nusu saa asubuhi kabla ya kuondoka, mbwa aliyechoka hulala. Mfunge kamba kila akitoka mlangoni. Beba karatasi ya nailoni ya kuokotea kinyesi. Mwonyeshe mwenye nyumba kadi ya chanjo, na ukiweza, jitolee kuongeza kitu kwenye depoziti kwa ajili ya uharibifu. Akikubali, yaandikwe. Neno la mdomo hufa siku ploti inapouzwa, kama nilivyojionea.

Akikataa kabisa, omba muda. Mwezi mmoja ni tofauti kubwa na wiki mbili.

Mtayarishe kabla ya kumtangaza

Kabla ya kuweka picha popote, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukikosa wa karibu, uliza kwenye agroveti ya mtaani, watakuelekeza. Hakikisha chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutokana na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Kenya ilizindua mpango mwaka wa 2014 wa kuumaliza ugonjwa huu unaoenezwa na mbwa kufikia 2030. Kila mbwa anayetupwa mtaani bila chanjo anaturudisha nyuma.

Kama hajahasiwa, au ni jike ambaye hajafungwa kizazi, fanya hivyo sasa. Jike hubeba mimba kwa takriban siku 63 tu. Ukimtoa jike leo bila kumfunga, kabla ya mwaka kwisha unaweza kuwa umetoa mbwa wanane, na hao saba wengine hakuna aliyewatafutia makao. Isitoshe, kuna watu wanaotafuta majike ya bure ili wayazalishe na kuuza watoto. Jike aliyefungwa hawamtaki. Hapo umeshawachuja bila kusema neno.

Mtafutie mtu, si mahali tu

Anza na wanaomjua: jirani anayempa mifupa, dobi anayemsalimia kwa jina, mlinzi, watu wa kanisani au msikitini, wenzako kazini. Daktari wake pia anajua nani amefiwa na mbwa hivi majuzi. Ukikwama, nenda mitandaoni, lakini usiandike "bure". Omba kiasi kidogo cha pesa. Si kwamba unafanya biashara. Asiyeweza kutoa hata pesa kidogo leo atakwama kesho mbwa akihitaji dawa.

Sema ukweli wote. Kama anaogopa radi, sema. Kama anafukuza kuku, sema. Kama amewahi kuuma mtu, sema hilo kabla ya mengine yote. Ukificha, mbwa atarudishwa, au atatupwa, na mtu anaweza kuumia.

Kisha uliza maswali. Unaishi kwako au umepanga? Kama umepanga, mwenye nyumba anajua? Atalala wapi? Nani atakuwa naye mchana? Umewahi kufuga, na yule wa kwanza alienda wapi? Swali hilo la mwisho lina mambo. Sikiliza jibu vizuri.

Nenda ukaione nyumba. Mtu mwema hatakukatalia. Mkubaliane wiki mbili za majaribio, na muandikiane karatasi fupi inayosema kwamba akishindwa, mbwa anarudi kwako, hapewi mtu mwingine.

Ukikosa mtu kabisa, lipo shirika la KSPCA, lililoanzishwa mwaka wa 1910, ambalo makao yake makuu yako Karen, Nairobi. Hupokea wanyama na kuwatafutia watu wa kuwalea. Piga simu mapema. Usiwaendee siku ya kuhama na lori liko nje, kwa sababu nafasi zao si za kumwaga.

Na ushago je?

Najua umeshafikiria: "Nitampeleka kwa shosho." Inaweza kuwa sawa, na inaweza kuwa mbaya zaidi ya mtaa. Mbwa aliyezoea kulala kwenye kochi anaweza kuteseka akilazwa nje Nyahururu kwenye baridi. Mbwa ambaye hajawahi kuona kuku atawaona siku ya kwanza, na siku ya pili jirani wa shosho atatafuta sumu.

Muulize shosho kwanza, na umuulize kwa namna ambayo anaweza kukataa. Mwachie pesa za chakula na za chanjo ya kila mwaka. Ongea na watu wa matatu kabla ya siku ya safari, si wote wanaokubali kubeba mbwa. Na usijiambie kwamba kijijini mbwa hujilisha. Mbwa anayejilisha ni mbwa anayeiba.

Usifanye haya

Usimshushe sokoni, msituni wala karibu na bucha ukijiambia kwamba hapo hatakosa chakula. Mbwa aliyelelewa nyumbani hajui kuwa mbwa koko. Hukaa palepale ulipomwacha, akitazama upande gari lilikoelekea. Usimfungie kwenye keja uliyohama ukitumaini keateka atamwona. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumnyima mnyama chakula na kumsababishia mateso yasiyo ya lazima kuwa makosa.

Na kama mbwa wako ni mgonjwa sana au ameshawauma watu, usimpitishe kwa mwingine kama noti bandia. Kaa chini na daktari wa mifugo mzungumze ukweli, hata kama jibu litauma. Aliyeumwa naye aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbie hospitali.

Siku ya kumkabidhi

Mpeleke mwenyewe. Beba kadi ya chanjo, chakula cha wiki moja cha aina aliyozoea, bakuli lake na blanketi lake, na usilifue. Harufu ndiyo kitu pekee cha kwao anachoweza kuondoka nacho. Mwandikie mwenyeji mpya karatasi: anakula saa ngapi, anaitikia maneno gani, anaogopa nini.

Mwambie pia asitishike. Siku tatu za kwanza mbwa anaweza kujificha au kukataa chakula. Huchukua kama wiki tatu kuzoea ratiba, na kama miezi mitatu kuamini kwamba hapo ni kwake. Wewe usiende kumwona katika siku hizo za mwanzo. Unajua unaenda kwa ajili ya nani.

Bosco alimpata mwalimu mstaafu wa Kitengela, ambaye mbwa wake wa miaka 12 alikuwa amekufa. Nilienda na orodha yangu ya maswali, nikakuta yeye ana orodha ndefu zaidi. "Kijana, hiki kidonda cha shingoni alikipata wapi?" aliniuliza. Nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, Mwalimu mwenzako amekusikia. Sasa sema anakula nini."

Nilirudi baada ya miezi minne. Bosco alinirukia, akalia, akanilamba mikono. Tukakaa hivyo kama dakika kumi. Kisha Mwalimu akaingia jikoni, na Bosco akaniacha, akaenda kulala kwenye mlango wa jikoni. Iliniuma, sikudanganyi. Lakini kwenye matatu ya kurudi mjini nililala usingizi, na tangu Northern Bypass nilikuwa sijalala vizuri.

Kama huna mbwa bado na unamtazama mtoto wa mbwa kwenye simu sasa hivi, soma mkataba wako kabla hujatuma pesa. Mbwa anaweza kuishi miaka kumi na zaidi. Hesabu umehama mara ngapi katika miaka mitano iliyopita, kisha zidisha kwa mbili. Kila mara kati ya hizo, yeye atahitaji mlango utakaomkubali.